Siku Fundi Alipima Babu

Mujukuu wangu Nadège,

Nakusalimia wewe na bwana yako. Hapa Nchelenge Babu anakusalimia, tantine Mado na watoto wake wanakusalimia, hata paka, amenona na chisense, tule tudagaa twa ziwa letu.

Unauliza jikoni yenu mupake rangi gani, na fundi apime kabati kwa urefu wa nani. Rangi mupake ya majani, haionyeshe moshi. Urefu ndio unanipa wasiwasi.

Tulipooana, fundi wa mitumbwi alikuja kututengenezea kabati ya ukutani. Mimi nilikuwa sokoni, basi akapima Babu, na unajua ule mutu ni murefu namna gani. Siku kabati ilipoisha, mama-mukwe akafika kuonja mapishi ya bibi-arusi, akakaa kungoja sebuleni, na nyungu zote ziko juu kule!

"Bwana, kuja unishushie nyungu!" Akaja. "Na unga!" Akarudi. "Na chumvi!"

Rafiki zake waliokuwa naye uani wakacheka: "Ndugu, umeoa ao umepata kazi?"

Bon, akachoka kutembea, akabaki jikoni, akasonga bukari mwenyewe. Mama-mukwe akala, akalamba vidole: "Mwanangu ameoa mupishi muzuri!" Nikajibu: "Aksanti, mama," na Babu akaenda kunawa unga mikononi.

Mpaka leo anapika yeye, na ile kabati nimekataa ishushwe. Kwa hiyo siku fundi anakuja kupima, wewe uende sokoni. Unijibu upesi, mama, sipate usingizi: bwana yako ni murefu?

Bibi yako