Pete Iliyokuwa kwenye Vibanio

Malvern, Johannesburg
Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, bado linakuuma ukiinuka kuswali? Sisi huku wazima, ila mimi moyo haujatulia tangu Jumatano. Na kwa kuwa ulikuwa askari, wewe ndiye wa kuambiwa, hata kama utanigombeza.

Yule bibi wa Kizungu ninayemtunza kule mtaa wa Observatory, macho yamemwishia. Kila alasiri namsomea vitabu vya upelelezi vya Kiingereza. Anavyo rafu nzima: mkaguzi wa polisi ni yuleyule, maiti tu ndizo zinabadilika. Kabla ya sura ya mwisho lazima nifunge kitabu, kila mmoja wetu ataje muuaji wake na sababu. Nimekuwa hodari baba, siku hizi namshinda!

Basi wiki iliyopita pete yake ya ndoa ikapotea. Binti yake akaja juu, akapekua nyumba nzima, akasema Jumatatu analeta polisi. Hakunitaja, lakini aliniangalia, na mchana kutwa nyumba ile tupo wawili tu. Jumatano naanika mashuka, natia mkono kwenye mfuko wa vibanio vya nguo, hiyo hapo pete!

Sasa sikia ujinga wangu. Badala ya kupiga vigelegele, vile vitabu vikanipanda kichwani. Mle ndani anayeiona maiti kwanza ndiye mkaguzi anayemshuku kwanza. Nikasema, basi na aione mwingine. Nikaipangusa kwa aproni nisiache alama za vidole, nikairudisha palepale. Nafika nyumbani namsimulia mkweo, akashika kichwa. "Eish, Zaituni! Nyumba ile nani mwingine anaanika nguo?"

Mkweo akasema niidondoshe chini ya kitanda, yaishe. Lakini huko binti alishapekua kwa mikono yake mwenyewe. Ikionekana huko leo, si watasema nimeirudisha?

Jana nikasema liwalo na liwe, nikamwambia bibi kila kitu. Nilidhani atafoka. Akapapasa mpaka akanishika mkono. "Niliiweka mimi, Zaituni. Nilikumbuka juzi, nikaogopa kusema."

Binti yake anataka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Anadai mama ameanza kusahausahau, siku moja ataunguza nyumba. Pete ya ndoa kwenye vibanio, hiyo si sababu tosha? Bibi kaniambia nisitamke neno, kesho atawaambia polisi mwenyewe. Akaanza kulia, nami nikalia. Akisema, nimeokoka mimi, na yeye anatolewa nyumbani kwake alikolelea wanawe. Akiogopa tena akanyamaza, ninayechukuliwa ni mimi.

Msalimie sana mama, na shangazi, umwambie kanga zake zilifika. Mdogo wangu fundi cherehani naye mpe salamu, aache uvivu wa kuandika. Wajukuu zako wanakuamkia, ingawa kila nikiwaambia waseme Kiswahili wananijibu Kizulu.

Barua hii itakufikia mambo yamekwisha kuwa. Niombee tu, baba. Mimi nikikaa kwenye mswala nanyoosha mikono, halafu sijui: nimwombee bibi apate ujasiri, au nisimwombee?

Mwanao,
Zaituni