Mgongo wa Chiriku Kwenye Bango

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Mkabala na karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini goti lako limepoa na kwamba baridi ya huko haikutesi kama mwaka jana. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na bado anamwita daktari wake "yule mtoto". Mimi nina kikohozi kidogo ambacho wenzangu wa chumba cha habari wanadai ni cha vumbi la magazeti ya zamani. Wifi yangu ni mzima, ingawa amepungua, na sababu utaiona hapa chini.

Seremala ameongeza mashine ya pili ya kupasua mbao, na hata Jumapili hapumziki. Ukiona mwandiko umetikisika, mlaumu yeye.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Najua shemeji yako alikutumia kwa simu picha ya lile bango. Najua pia kwamba tangu siku hiyo, siku kumi na tisa leo, binti yako akikupigia hupokei. Wifi kaniambia, na Chiriku mwenyewe kaniambia. Wewe umeona picha tu. Ngoja nikupe habari nzima kama ilivyokwenda, halafu utaamua mwenyewe.

Bango lilisimamishwa Jumatatu ya tarehe 18 Mei, pale barabara ya hospitali inapokutana na ya sokoni. Ni tangazo la betri za gari. Upana wake mita kumi na mbili. Niliupima kwa hatua. Lilionyesha mgongo wa mwanamke kuanzia shingoni hadi kiunoni, hauna nguo, umemulikwa taa nyekundu, na betri imewekwa pale kiuno kinapoishia. Chini waliandika: "Nguvu za usiku kucha." Kichwa hakikuwemo.

Unawajua watu wetu. Kufika Jumatano redio haikuwa na mazungumzo mengine. Viongozi wa dini walitoa tamko. Wazazi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara waliandika barua, na vijana wa gereji wakajibu kwamba asiyetaka kuona atembee ameinama. Muuza nyanya, ambaye genge lake liko chini ya bango hasa, aliniambia kwamba wateja wanachagua nyanya huku macho yako juu, kisha jioni wanazirudisha wakidai amewauzia mbovu.

Aliyeandika habari ile ni mimi. Nilihesabu malalamiko katika daftari la halmashauri, yakawa arobaini na moja. Nikamnukuu diwani aliyemwita mwanamke wa bangoni "asiye na haya". Gazeti likaitoa ukurasa wa kwanza, pamoja na picha. Nilipita chini ya bango lile siku sita, na kwa kuwa niliona aibu kulikodolea macho mbele ya watu wazima wenzangu, niliinua uso mara moja tu, nikasoma maandishi, nikaendelea na kazi. Miaka ishirini na sita ya uandishi, na kovu la begani sikuliona.

Wewe uliliona. Wifi anasema ulilitambua kabla hata hujaikuza picha, na sishangai. Birika lilikuwa mkononi mwako siku ile, Chiriku ana miaka minne, na ni wewe uliyembeba mbio hadi zahanati bila viatu. Jambo hilo hatujawahi kulizungumza sana katika familia, na leo sitalirefusha.

Mgongo wake ulifikaje pale? Alinieleza jikoni kwangu huku anamenya viazi, na nilimuuliza maswali yale yale ambayo ningemuuliza mtu baki. Miaka miwili iliyopita idara yao hospitalini, ile ya kuwanyoosha wagonjwa viungo, ilitaka picha kubwa ya ukutani ya kuwaonyesha wenye maumivu ya kiuno pingili ipi inaumiza wapi. Wagonjwa walikataa kupigwa picha. Yeye alikuwa amechoka kuwachorea watu uti wa mgongo kwa kalamu nyuma ya vyeti vya dawa, akajitolea. Alipigwa picha mchana, ndani ya chumba cha matibabu, muuguzi mkuu yupo, shuka ameishikilia mbele. Picha bado iko ukutani. Nimekwenda nikaiona. Ina mishale kumi na miwili na majina ya pingili, na wanaoitazama mara mbili ni wenye maumivu tu.

Mpiga picha nilimtafuta pia. Hakukana. Aliwapa watu wa kampuni ya matangazo picha zake za zamani, wao wakaifuta shuka, wakaongeza taa nyekundu na betri. Nilimuuliza kama alimwomba ruhusa mwenye mgongo. Akanijibu, "Mama, mgongo ni wake, picha ni yangu."

Nikaenda kwa mhariri nikamwambia habari hii imeingia nyumbani kwangu, siwezi kuiandika tena. Ndiyo kanuni yetu. Akampa mwandishi wa michezo, kwa kuwa wiki hiyo ligi ilikuwa mapumziko.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule. Nilikwenda kama shangazi, bila daftari, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Chiriku alikaa kulia kwangu na sare yake, kwa sababu alikuwa anaingia zamu saa nane. Wifi alikaa kushoto.

Waliongea wengi. Mtu wa kampuni ya betri alisema mwili wa mwanamke ni sanaa. Muuza nyanya akamuuliza hiyo sanaa ya nyumbani kwake ameitundika barabara gani, ukumbi ukaangua kicheko, bwana yule akakaa. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba vinyozi wote hubandika vichwa vya wanaume ukutani na hakuna aliyewahi kuwaitishia mkutano. Mama mmoja akamjibu kwamba mwanawe wa darasa la pili hajawahi kurudi nyumbani akauliza kichwa kile kina nguvu gani usiku kucha.

Kisha akasimama fundi saa, yule mzee mpole wa karibu na posta. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi namhurumia binti yule tu. Hana baba yule. Angekuwa na baba, asingefika pale juu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wifi akanishika mkono.

Chiriku akasimama. Unajua anavyoongea kwa haraka, jina hilo tulimpa wenyewe. Safari hii alikwenda polepole.

"Shikamoo babu. Mgongo ule ni wangu. Niliutoa upigwe picha kwa ajili ya wagonjwa, na waliouweka kule juu hawakuniuliza. Na baba ninaye. Yuko mbali kikazi. Kovu mnaloliona pale ni la maji ya moto, na yeye ndiye aliyenikimbiza kwa daktari. Kwa hiyo mengine semeni, babu, ila hilo la kutokuwa na baba nakuomba ulirudishe."

Fundi saa akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Nimelirudisha." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Halmashauri iliamua bango lishuke ndani ya siku saba, na kuanzia sasa mwenye tangazo lenye picha ya mtu alete kwanza ridhaa ya mtu huyo kwa maandishi. Mafundi walikuja Jumanne, wakaanza kubandua kutoka juu, ngazi ikawavunjikia, wakaondoka. Kwa siku mbili kikabaki kiuno na betri tu, na ikawa afadhali ya kwanza. Mwishowe muuza nyanya akapandisha turubai lake mwenyewe.

Usidhani naandika haya kwa kuwa bango lile sikuliona kuwa na ubaya. Lilikuwa baya, na ningesema hivyo hata mgongo ungekuwa wa mtu nisiyemjua. Binti yako anasema hivyo kwa ukali kuliko mimi. Diwani nimemfuata ofisini nikamwambia neno lake lilimwangukia asiyestahili, na gazetini nimeandika masahihisho, mistari minne, ukurasa wa pili. Chiriku nilimwomba radhi ana kwa ana. Akaniambia, "Shangazi, ungeangalia juu tu."

Kazini anaendelea. Wagonjwa wawili wamekataa kuhudumiwa naye, na wa tatu amesisitiza ahudumiwe na yeye tu. Wote watatu amewahamishia kwa mwenzake. Nyumbani chakula hali vizuri. Simu yake haiweki mfukoni siku hizi. Huilaza mezani karibu na sahani, hata tukiwa na wageni.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi mbili. Wifi anakusalimu, japo nadhani bado ana maneno yake ameyaweka akiba. Seremala naye anakusalimu, anasema kabati lako liko tayari tangu Aprili. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mzuri, na akurudishe kwetu ukiwa na goti zima.

Limebaki moja, la kikazi. Mwenzangu wa michezo aliuandika mkutano ule vizuri, na maneno ya binti yako kwamba baba anaye yalichapishwa kama alivyoyasema. Sisi hatuchapishi jambo mpaka mtu wa pili alithibitishe. Hilo lilipita hivyo hivyo, kwa sababu mtu wa pili ni wewe, na hukuwa unapokea simu. Wiki hii anatoka zamu saa kumi jioni kwa saa za huku. Mpigie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponuna.