Kapasita Uliyoificha Ndani ya Gitaa Langu

Mjomba Hashimu,

Leo salamu sina, usizisubiri. Hitma ya arobaini yako tumeisoma hapa nyumbani Chuno, watu walijaa mpaka uani na chakula kilitosha. Mama yangu, dada yako, anaendelea vizuri kiasi. Habari za nyumbani ndizo hizo. Sasa nisikilize mimi mpwa wako, Somoe, maana ulipokuwa hai hukukawia kunikatiza.

Nimefungua gitaa langu.

Ndiyo, lile lile ulilonikataza. "Ukilifungua unaliua," ulikuwa ukisema, na mimi bwege nikatii miaka yote. Ampli za bendi nilikuwa nazifungua na kuzifunga, wewe mwenyewe ulinifundisha, lakini ndani ya gitaa langu uliingia wewe tu. Juzi tundu la kuchomekea waya likalegea, sauti ikawa inakuja inakatika. Fundi ndiyo hivyo tena, tumeshamzika. Nikachukua bisibisi.

Nilitegemea kukuta koili, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na nyaya za kwenda kwenye vifundo vya sauti. Nikakuta na kapasita. Kadogo, ka kahawia, kamefunikwa kwa utepe mweusi, mguu mmoja kwenye waya wa sauti, mguu wa pili kwenye waya wa ardhi. Hakajaunganishwa na kifundo chochote. Hata ningezungusha kifundo kipi, kenyewe kangeendelea na kazi yake tu.

Nikakaa chini, Mjomba. Kazi yake naijua! Si ulinieleza mwenyewe, tumekaa barazani tunamenya mihogo? Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye koili, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye ampli ukawa sauti. Ukifunga kapasita namna hiyo, sauti nyembamba zote zinapita humo na kupotelea ardhini, zinabaki nzito peke yake. "Makali yote kwisha habari yake," ulisema, ukacheka.

Ndipo nikaikumbuka sherehe ya Msimbati, watoto walipotoka jandoni. Korosho zilikuwa zimenunuliwa vizuri, watu wana furaha, jenereta linaunguruma nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa unapiga solo, ukanipisha kidogo ukanywe maji. Basi akina mama wakaja kunitunza, noti kwenye paji la uso, khanga mabegani, vigelegele mpaka siwasikii wenzangu. Uliporudi ukapiga na wewe, hakuja mtu. Kesho yake ukaniambia, "Lete gitaa nilisafishe." Nilikushukuru, jamani! Nilikuletea na chai.

Tangu hapo gitaa langu likawa linasema kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Nilipokuuliza, ulinishika vidole ukavitazama kwa huruma. "Mkono wako mzito, mwanangu. Huu ni wa ridhimu, si wa solo. Si kosa lako." Nikaamini. Nilifanya mazoezi mpaka ngozi ya vidole ikabanduka, nikapandisha makali ya ampli mpaka mwisho, nikaambulia kelele za umeme tu. Bendi moja ya Dar iliponiita nikajaribiwe, nilikuja kukuuliza wewe kwanza. "Utaaibika mbele za watu," ukasema. Nikabaki. Kwetu neno la mjomba likishatoka limetoka, baba yangu mwenyewe hawezi kulipinga, na wewe ulijua hivyo vizuri sana.

Kibwana, mpiga besi wetu, amejaribu kukutetea. Alipotoka kubeba mizigo bandarini alipita hapa, nikamwonyesha, akakuna kichwa wee. Labda, anasema, Hashimu alitaka kupunguza mngurumo wa jenereta. Wallahi nilitaka iwe hivyo. Nikalifungua na gitaa lako, maana jenereta lilikuwa letu sote. Halina kitu. Na mngurumo ni sauti nene, kapasita ile haiugusi, inaua makali tu. Kibwana alisimama akaenda zake, chai yake kaiacha.

Unajua kilichonichoma? Namna ulivyokachomea. Kazi za wateja ulikuwa unaziparamia, risasi ya kuchomelea inabaki madonge madonge, nami napita nyuma yako kusafisha. Hapa ulitulia. Risasi imelala vizuri, inang'aa, hukutaka iachie kamwe. Sijawahi kuona umefanya kazi safi hivyo.

Nimekakata, nikakaza na lile tundu. Nikachomeka waya, nikapiga kipande kidogo tu cha ule wimbo wa Msimbati. Mama akatoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Hashimu?" akaita. Aliponiona mimi akaegemea mlango akalia. Ninapiga kama wewe, Mjomba. Muda wote huo nilikuwa napiga kama wewe, na wewe ulikuwa unasikia.

Mama sijamwambia na sitamwambia. Amebaki na kaka yake mzuri, acha abaki naye. Lakini Kibwana nimemwambia kwamba Jumamosi, kwenye sherehe ya Mikindani, solo napiga mimi, atafutwe mtu mwingine wa ridhimu. Watu wakiniuliza nimefundishwa na nani, nitakutaja wewe. Sina mwingine wa kumtaja, ndiyo maana nalia huku naandika.

Kuna jambo la mwisho. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka ndani, shehe alituuliza kama tumemsamehe marehemu. Nilijibu kwa sauti kuliko wote. Tumemsamehe! Nilikuwa nadhani nakusamehe maneno yako makali ya asubuhi, na kuchelewa kwako mazoezini. Sasa nimejua nilikuwa nasamehe nini, na ile radhi imenishinda kuibeba. Nakuahidi hili: siku nitakayoweza kuisema tena, nikiwa najua, nitakuja hadi kaburini kwako niitamke.

Lala salama, Mjomba. Leo siwezi.

Somoe