Picha ya Mamake Mwanaidi

Likoni, Alhamisi usiku, mwezi wa Mfungo Tatu

Na hii gundi ya unga wa ngano haitaki kutoka kwenye kucha.

Mjukuu wangu Mwanaidi amebandika karatasi za maua ukurasa mzima wa albamu yake, katikati akaweka picha pekee ya marehemu mamake. Wamo wanawake watatu ndani ya buibui, yamebaki macho tu. Walikwenda wenyewe kupigwa picha, kisha wakamwonea haya mpiga picha.

"Nyanya, mama ni yupi?"

Mwanangu wa kumzaa, nami simtambui. Wote magunia ya makaa. Nikamwonyesha wa kati.

Akamkazia macho. "Macho yangu haya."

"Na pua yako imo humo ndani," nikamwambia.

Akambusu yule wa kati mpaka gundi ikamganda mdomoni.

Kama nimekosea, mwanangu atanisamehe. Yeye ndiye aliyejifunika.