Risasi Laini za Signe

Jumapili, 13 Oktoba

Hatukumpata. Tulitafuta jana mpaka giza, na leo tangu alfajiri hadi saa saba mchana. Damu kidogo kwenye majani ya mwaloni, tone moja kando ya shamba la mahindi, kisha basi. Kulungu jike aliyepigwa na Signe jana, mguu wa mbele umevunjika, yuko humo msituni na maumivu yake. Binti yangu alitambaa kwa magoti akipekua majani moja moja. Miaka kumi na miwili! Wikiendi yake ya kwanza ya kuwinda.

Ndani ya gari alisema hivi tu: "Baba, sitaki tena." Hakulia. Afadhali angelia.

Nyumbani Corinne alimvua koti, kisha akaniita. Bega la mtoto — zambarau, kama bilinganya. Mke wangu hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama nilimpa mtoto bunduki au punda wa mateke.

Nilijua. Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilijua. Agosti, tulipokuwa tukijaribu shabaha, nilimwona akifumba macho kabla ya kufyatua. Nikajiambia atazoea. Marehemu mzee alinizoesha hivyohivyo.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilipeleka maziwa kiwanda cha jibini kama kawaida. Rudy, anayepokea mzigo pale, akauliza mtoto alipata nini. Nikasema hatukubahatika. Zaidi ya hapo sikusema. Mwoga mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Signe anakula, anaosha vyombo, anapanda chumbani. Kofia yake ya kuwindia, ya rangi ya machungwa, ameirudisha kabatini, rafu ya juu kabisa. Alipanda kiti ili aifikishe huko.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nina mengi.

Nilikwenda dukani kwa Ardis Pliska kutafuta mpira wa kuweka kwenye kitako cha bunduki, usimwumize bega. Ardis ana miaka sabini na moja, na mwili wake ni wa mtoto wa darasa la sita — kaunta inamfika kifuani. Lakini kila Novemba kuna kulungu ananing'inia kwenye uwanja wake. Nikamweleza kwamba mtoto bunduki inampiga, ingawa nilimnunulia fupi na nyepesi makusudi.

"Nani alikudanganya kuwa nyepesi haina teke?" akaniuliza. "Uzito ndio unaomeza teke, Lyle! Wewe umempa mtoto fimbo halafu ukaijaza risasi zilezile unazopiga wewe, jitu zima."

Nikahisi masikio yanaungua. Miaka thelathini nawinda!

Nikamuuliza basi ninunue bunduki nyingine ya risasi ndogo? Akasema wapo wanaofanya hivyo, na si vibaya, lakini hakuna haja. Bunduki yake ileile, ya risasi za 308, inatosha. Akaweka maboksi mawili mezani. Risasi laini, anaziita. Baruti kidogo, kichwa chepesi zaidi, na teke linashuka karibu nusu. Nikashika boksi la kwanza.

"Rudisha hilo. Hizo ni za mazoezi, za kutoboa karatasi. Hazitanuki ndani ya nyama, mnyama anakimbia na jeraha. Unataka apoteze mwingine?"

Sikuwa nimemwambia habari ya kulungu! Labda uso wangu ulimwambia. Basi nikamweleza yote, nimesimama pale kati ya misumari na chakula cha mbwa. Bega. Macho aliyofumba. Mimi kunyamaza. Hakunigombeza. Alisema yeye kulungu wake wa kwanza alimjeruhi tu, akampoteza, akiwa na miaka kumi na minne, na mtu pekee aliyewahi kumwambia ni marehemu mumewe.

Halafu masharti yake. Nilinganishe darubini ya bunduki upya, kwa sababu hizi hazipigi palepale zilipopiga zile za zamani. Zinachoka mapema — kwa mtoto, yadi mia moja, basi. "Na akikwambia ni mbali, wewe nyamaza. Umenisikia? Nyamaza."

Nilimshukuru mara tatu. Akanifukuza, eti nazuia foleni. Hakukuwa na foleni.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwambia Signe baada ya kanisa, jikoni. Kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba nilimwona anaogopa, nikajifanya sikuona.

Akafikiri. Akasema, "Lakini aliyefyatua ni mimi, baba." Mungu wangu, mtoto huyu!

Kisha akageuza boksi la risasi mkononi. Akauliza kama kweli zinapiga kidogo au nasema tu ili arudi. Akatoa sharti: mama afyatue kwanza. Mama hadanganyi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Shimo la kokoto, watatu sisi. Baridi, jua zuri. Corinne hajagusa bunduki tangu tuoane. Akavaa vizuia sauti, akalala kwenye turubai, akafyatua. Akageuka. "Ndiyo hiyo tu?" Akacheka! "Signe, njoo mwanangu, mlango wa friji unapiga zaidi ya hii."

Masikio ya Signe tuliyaziba mara mbili, kwa vizuia sauti vya ndani na vya nje. Ardis ndiye aliyesema hivyo, maana mlio nao unatisha kama teke. Kisha mchezo alioufundisha Ardis: Corinne anaijaza bunduki kwa siri, mara na risasi, mara tupu, mtoto hajui. Ikiwa tupu na mtu akaruka, basi ni hofu inayofyatua. Mara ya kwanza Signe aliruka. Ya pili, aliruka. Ya tano — ka! — tupu, na mtutu haukutikisika hata kidogo. Macho wazi kabisa.

Akaniangalia. "Sasa wewe, baba. Na bunduki yako."

Nikalala pale kwa majivuno yangu yote. Ka! Nikaruka kama chura.

Walicheka mpaka Corinne akakaa chini kwenye kokoto. "Kumbe na wewe!" Signe anapiga kelele. "Baba, kumbe na wewe!" Miaka thelathini nimekuwa nikifumba macho, na hakuna aliyeniambia. Lakini kile kicheko! Ningeruka kama chura kila siku niendelee kukisikia.

Risasi zilitua vidole vinne chini ya alama, kama tulivyoonywa. Tukarekebisha darubini. Risasi tatu za mwisho za Signe, kutoka yadi mia: matundu matatu yanayofunikwa na kifuniko cha kikombe. Karatasi iko mlangoni mwa friji sasa. Bega lake — jekundu kidogo, limepoa kabla ya chakula. Nashukuru. Sina neno jingine.

Ijumaa, 1 Novemba

Rudy amesikia. "Risasi za watoto wachanga! Mtawapiga kulungu au mtawapapasa?" Wote kiwandani wakacheka. Safari hii sikunyamaza. Nikasimulia habari ya yule jike, na bega, na mimi kuruka kama chura. Baadaye Rudy alinifuata hadi kwenye lori, akitazama viatu vyake. Bega lake alilofanyiwa upasuaji, daktari amemkataza bunduki zenye teke. Akauliza zinauzwa wapi.

Alhamisi, 14 Novemba

Kofia iko chini, kwenye msumari wa mlangoni.

Jumamosi, 23 Novemba

Kibandani juu, tunavizia kulungu. Nyuzi nane chini ya sifuri, theluji nyembamba. Naandika na penseli, wino umeganda.

Saa mbili asubuhi alitoka dume. Pembe — sijawahi kuona nyingine kama hizo kwenye ardhi yetu! Alisimama pembeni mwa uwanja wa majani, ametugeuzia ubavu. Signe aliinua bunduki, akaangalia kwenye darubini, akaangalia tena. Yadi mia na sitini, pengine zaidi. Neno "piga" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikauma glavu.

"Mbali, baba," akanong'ona. Akaishusha.

Dume akaondoka taratibu kama mwenye nyumba. Sikusema kitu. Nikafungua chupa, nikampa chokoleti ya moto kwanza yeye, kisha nikanywa mimi. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Saa tatu na dakika arobaini, jike mzima, yadi sabini. Signe alipumua mara mbili. Alifyatua. Jike aliruka juu, akakimbia ameshusha kichwa, akaingia kwenye mierezi. Kutoka hapa sioni damu. Sioni kitu.

Nilitaka kushuka palepale. Nikawa tayari nimeshika mlango. Akanivuta koti.

"Nusu saa. Mama Ardis alisema nusu saa, alale kwanza, asije akainuka akakimbia zaidi."

Anaitazama saa yake ya mkononi. Mimi nautazama mstari wa mierezi na naona kila kitu cha Oktoba. Yeye amesharudisha kizuizi cha usalama cha bunduki, ameokota ganda la risasi, ameniuliza kama nina utepe wa kufunga kwenye matawi, kuonyesha alikopita jike. Ninao. Nimemwuliza ana uhakika alipiga wapi. Nyuma ya bega, amesema. Nimemwuliza tena. Amesema nikiuliza mara ya tatu ataniacha hapa kibandani.

Dakika kumi na moja zimebaki. Amefunga kamba za viatu upya.

"Nikishuka natangulia mimi," amesema. "Wewe uje nyuma yangu, baba, na uangalie usikanyage damu."