Mafaili Niliyoyafuta kwenye Kompyuta ya Editha

Romanus, nimemponza mjukuu wangu Editha, kisha nikanyamaza. Nikanyamaza, Romanus!

Jana aliniachia kompyuta yake nisome magazeti. Nikaona mafaili yenye majina yaleyale, tofauti ni namba tu. Nikayafuta yenye namba ndogo, kama mimi nawe tulivyokuwa tukiondoa vitabu vya matoleo ya zamani pale shuleni.

Leo asubuhi, nikiwa nimeketi kando yake, alikuwa akiwaonyesha waajiri, kwa video, programu-jalizi aliyoiandika, yaani programu ndogo ya kuongezwa kwenye nyingine. Kazi yake ni kuchunguza programu hiyo nyingine inategemea maktaba zipi, ndivyo wanavyoyaita mafaili inayoyahitaji ili ifanye kazi, na kila moja imehifadhiwa wapi. Ikajibu, "Haipo." Mara tatu, "Haipo." Nikayatambua majina yaliyotokea kwenye kioo: ni ya mafaili niliyoyafuta.

Akanigeukia. "Babu, nimekosea wapi?"

Unajua nilimjibu nini? "Kagua kazi yako." Mimi, niliyewachapa watoto kwa kusema uongo!

Akawaambia waajiri, "Samahani, kosa ni langu." Kosa ni langu!

Wamempa hadi saa kumi. Sasa anaibomoa kazi ya miezi miwili, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Nami nimesimama mlangoni pa chumba chake, nakuandikia wewe badala ya kumwambia yeye.

Usinijibu. Naingia.