Mama Aliyeniuliza Jina

Overport, Durban

Neema mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kanada. Mama yako anashinda saluni, nami nabaki peke yangu ghorofani.

Umeniuliza kama Mungu anakuona huko ambako hakuna anayekujua.

Nilipokuwa msichana nililazwa hospitali ya Bukavu, mbali na kwetu. Saa ya kutazama wagonjwa, kitanda changu tu hakikuwa na mgeni. Nikajifunika shuka nikalia, “Mungu, hata wewe umenisahau.”

Mama mmoja aliyemletea mwanawe uji akanifunua polepole. “Unaitwa nani, mwanangu?”

“Furaha.”

Akaninywesha, akaniombea kwa jina langu.

Mwanawe aliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilijua sitamwona tena mama yule. Kesho yake akaja na uji, kwa ajili yangu tu. Nikajua aliyemtuma.

Bibi yako anayekuombea